Picha ya MRI haimpeleki mtu kisuni

Utange, kama Kisauni yote ya Mombasa, wanaoumwa kiuno hawahesabiki: wachimbaji wa mawe kwenye matimbo, wasukuma mikokoteni ya maji, waendesha bodaboda, na akina mama waliobeba mitungi tangu usichana. Maumivu yakishakuwa sugu, mtu hupigwa picha ya MRI, karatasi ikasema diski imetoka au imechakaa, na jioni ile ile jamaa wamefungua kikundi cha WhatsApp cha mchango wa kumpeleka kupasuliwa Nairobi au India. Huaminika kuwa picha ikionyesha kasoro, kisu hakiepukiki. Imani hiyo ni potofu, nayo inauza viwanja vya watu.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya picha za watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo. Zaidi ya nusu yao walikuwa na angalau diski moja iliyofura. Wenye diski zote salama walikuwa asilimia 36 tu. Mapitio makubwa ya mwaka 2015, nayo ya watu wasio na maumivu, yalikuta uchakavu wa diski kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Basi mchimba mawe wa miaka 50 akikutwa na diski iliyochakaa, tumegundua nini zaidi ya mvi zake? Picha hupata maana inapokubaliana na mwili: maumivu yanaposhuka mguuni kwa njia ya mshipa wa fahamu ule ule unaoonekana kubanwa. Anayesoma karatasi bila kumwinua mgonjwa mguu bado hajampima.

Mtapinga kwamba fulani alipasuliwa na leo anatembea. Sikatai. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuata wagonjwa 128 ambao diski ilibana mshipa na mguu ukawauma kwa miezi 4 hadi 12. Waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi miezi 6 baadaye. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, nafuu hiyo ni karo na chakula, na simlaumu akichagua kisu. Lakini wale walichaguliwa kwa maumivu ya mguu pamoja na picha. Kiuno kinachouma peke yake ni shauri jingine. Kwa hicho, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unapendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na unashauri mikanda ya kiuno isitolewe kama tiba ya kawaida (ile ile tunayouziwa kila kona).

Pana hali zisizongoja mjadala. Ganzi ya makalio na sehemu za siri, mkojo au choo kushindwa kuzuilika, miguu kulegea: huyo afikishwe hospitali ya Makadara usiku huo huo. Homa za jioni na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo huenda ni kifua kikuu cha mifupa, na huanza kutibiwa kwa vidonge. Wengine, kabla hamjachanga hata shilingi, mwulizeni daktari mawili: je, maumivu haya yanalingana na picha hii? Na tusipopasua, itakuwaje?