Mgeni ana kadi, wewe una tili. Pesa itaenda wapi?

Kama una kaduka ka vinyago pale Nanyuki kwenye bango la ikweta, ama unauza kahawa ya Mathira karibu na Kimathi Way mjini Nyeri, wacha nikuambie kitu ambacho hutapenda kusikia: kile kibandiko chako cha tili peke yake kinakufukuzia wateja wenye pesa.

Siitukani M-Pesa. Imetulea tangu Machi 2007, na leo hata mama mboga wa soko la Karatina hana haja ya kutafuta chenji. Kwa mteja wa hapa kwetu inatosha kabisa. Shida ni kwamba miji ya Mlima Kenya haiuzii watu wa hapa pekee.

Angalia anayepita mbele ya duka lako. Skauti wametoka mbali kuja kuona kaburi la Baden-Powell, aliyezikwa Nyeri mwaka wa 1941. Wapandaji mlima wanateremkia Naro Moru ama Sirimon, miguu imevimba, wanataka nyama choma, soksi mpya na zawadi ya kupeleka nyumbani. Wanajeshi wa Uingereza wana kambi Nanyuki. Ndio, wengine wamesajili laini kwa pasipoti na wanatuma pesa haraka kutushinda. Lakini aliyekuja kwa siku tano hasumbuki na laini. Ana kadi mfukoni. Usipoikubali atanunua kinyago kama hicho kwenye duka la hoteli kwa bei ya juu, na wewe utabaki ukimwonyesha kidole, "ATM iko pale mbele." Wangapi hurudi kutoka kwa hiyo ATM?

Kabla hujaenda benki, elewa kwanza unachotaka kupokea. Kadi za zamani zilitegemea ule ukanda mweusi wa sumaku mgongoni. Habari zilizo pale hazibadiliki, kwa hivyo mwizi akizinakili mara moja kwa kimashine chake, amemaliza kazi. Ndiyo sababu benki za Kenya zilihamia kadi za chipu na nambari ya siri, shughuli iliyoshika kasi karibu mwaka wa 2014. Ile chipu inayong'aa ni kakompyuta kadogo. Kila malipo inatengeneza msimbo mpya, wa malipo hayo tu. Mwizi akiunasa, hauna faida kwake tena. Hata mteja akigusisha kadi juu ya mashine bila kuichomeka, bado ni chipu inayofanya kazi.

Sasa, mtaani watu hudhani mashine ikishatoa risiti mambo yamekwisha. Hayajaisha. Kanuni za kampuni za kadi kwa kawaida humtwika hasara yule aliyetumia njia dhaifu. Kadi ina chipu, wewe ukaipitisha kwa sumaku kwa sababu una haraka ama mashine yako ni kuukuu, halafu mwenye kadi aseme akiwa kwao Manchester kwamba hajawahi kununua kitu Nanyuki. Pesa itatolewa kwenye akaunti yako, na kinyago kishaenda. Kwa hivyo mashine ya mtumba usichukue, hata ukiuziwa na rafiki. Chipu ikikataa mara mbili tatu, omba kadi nyingine ama keshi. Aibu yenyewe ni ya dakika moja tu.

Mfundishe pia anayekaa kaunta, hasa yule binamu anayekushikia duka Jumamosi. Kadi ibaki mkononi mwa mteja. Mashine ndiyo imfuate mezani, si kadi kupelekwa jikoni. Akibonyeza nambari ya siri, tazama kando. Na nambari za kadi ya mtu haziandikwi kwenye kitabu cha madeni, hata akikuomba mwenyewe.

Na makato? Yapo, na yanauma. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo sitakupigia hesabu za uchumi, nitakupigia za dukani. Tuseme mmekubaliana na benki asilimia 3. Ukiuza kitu cha Sh4,000, Sh120 imeenda, na kuna mashine zenye kodi ya kila mwezi juu ya hiyo. Tili hukata kidogo kuliko hapo. Kama unauzia wanafunzi wa Dedan Kimathi chai na mandazi, achana na hii stori, mashine itameza faida yote. Kigezo changu ni hiki: kwa wiki mbili, chora mstari kila mteja akiuliza kama mnachukua kadi kisha akaondoka, na uandike alichotaka kununua. Faida uliyoikosa ikizidi kodi na makato, beba cheti cha biashara, kitambulisho na pini ya KRA uende benki. Isipozidi, kaa na tili yako kwa amani.

Ukifika huko uliza pesa zitaingia kwenye akaunti baada ya siku ngapi, maana hazifiki papo hapo kama za simu. Na usitie sahihi kabla mashine haijajaribiwa dukani kwako. Mtandao wa katikati ya mji wa Nyeri si ule wa barabara ya kupanda Naro Moru mvua ya Aprili ikipiga.

Lakini kinachonitia hofu zaidi hakiko dukani. Nyinyi wenye nyumba za wageni huko Nanyuki na Timau, sikilizeni. Mtu anaandika barua pepe: tuko wanane, tunataka nyumba wiki nzima, nambari ya kadi ndiyo hii, kata pesa yote pamoja na ya dereva wetu, halafu wewe umtumie dereva zake kwa M-Pesa. Tamu sana, sivyo? Kadi ni ya wizi. Chipu haiwezi kukusaidia hapo kwa sababu haijakaribia mashine yoyote, umeandika nambari tu. Wiki kadhaa baadaye mwenye kadi analalamika, benki inakudai zote, na huyo "dereva" alishazima simu kitambo. Mgeni wa kweli ana njia zake za kumlipa dereva wake. Ukiona ombi kama hilo, funga mazungumzo.

Halafu kuna hili la ujirani. Ukishapata mashine, wa kibanda cha pili atakuja mbio na mteja wake: "Nipitishie hii elfu sita, utanipa keshi baadaye." Ni mtu wenu, mmekua pamoja, kumkatalia ni ngumu. Ila kwa benki mauzo hayo ni yako. KRA ikiuliza, utajibu wewe, na mteja akilalamika, utadaiwa wewe. Tena mikataba hukataza kupitisha biashara ya mtu mwingine, unaweza kunyang'anywa mashine kabisa. Mpe kikombe cha chai na nambari ya yule afisa wa benki aliyekuhudumia, kisha umwambie asisahau kubeba cheti chake.