Sehemu ya 7: "Sista, mbona waliochanja nao walikufa?"

 

Tunaendelea na mfululizo wetu wa chanjo. Leo najibu swali la mama mmoja wa kliniki. Mtoto alikuwa mgongoni, kadi mkononi, akaniuliza: "Sista, zile nchi zilizochanja watu wote korona, mbona nao walikufa? Sasa faida iko wapi?"

Swali zuri, wala si la kumkejeli mtu. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu juujuu tu. Leo nimekaa, nina chai yangu, nataka nijibu vizuri. Na mwisho nitawaambia kosa langu mwenyewe, maana siwezi kuwanyooshea wengine kidole nikajisahau.

Tuanze na sehemu mbili zilizofanana

Hong Kong na New Zealand. Hong Kong ina watu kama milioni 7 na nusu, New Zealand kama milioni 5. Kote kuna fedha, hospitali nzuri na wazee wengi. Na kote walifanikiwa kuizuia korona isisambae kwa karibu miaka miwili. Walifunga mipaka, wakaweka wageni karantini. Hadi mwisho wa 2021, Hong Kong walikuwa wamekufa watu kama 200 tu. New Zealand kama 50.

Chanjo zote mbili walianza kuzitoa Februari 2021. Kwa hiyo walikuwa na muda. Mwaka mzima, sindano ziko kwenye friji, ugonjwa uko mbali.

Kisha mapema 2022 kikaingia kile kirusi cha Omikroni, kinachosambaa haraka kuliko vyote vya nyuma. Kikapenya kote kuwili. Hapo ndipo tofauti ikaonekana.

Hong Kong, ndani ya miezi michache, walikufa watu zaidi ya 9,000. Machi 2022 mji ule ulikuwa na kiwango cha vifo, kwa kulinganisha na idadi ya watu, kikubwa kuliko popote duniani. Majeneza yalipungua. Maiti zilihifadhiwa kwenye makontena yenye ubaridi. Mji tajiri, jamani.

New Zealand nao walipoteza watu, tusidanganyane. Lakini kwa uwiano wa idadi ya watu, vifo vyao vilikuwa vichache mara nyingi kuliko vya Hong Kong.

Sasa utasema, aah, basi Hong Kong hawakuchanja. Hapana. Zaidi ya nusu ya watu wao wote walikuwa wameshapata dozi mbili. Tatizo lilikuwa ni nani hasa alikuwa amebaki.

Waliobaki walikuwa mabibi na mababu

Hapa naomba usome taratibu. Mwishoni mwa 2021, kwa wazee wa Hong Kong wenye miaka 80 kwenda juu, waliokuwa na dozi mbili hawakufika hata robo. Vijana wa ofisini wamechanja, bibi yuko nyumbani hajachanja. Au yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na hakuna aliyemfuata huko.

New Zealand wazee wao karibu wote walikuwa wameshapata.

Tuchukue mtaa wenye nyumba 100. Ukiniambia nyumba 70 zimechanja, nitakupongeza. Lakini kama zile 30 zilizobaki ndizo zenye wagonjwa wa sukari, wenye presha na wazee, ugonjwa ukiingia utapita moja kwa moja kwenye hizo 30. Asilimia inayosomwa kwenye taarifa ya habari haikuambii jambo hilo.

Wataalamu walipohesabu vifo vya Hong Kong vya miezi ile, waliona kwamba kwa watu wa miaka 60 na zaidi, kiwango cha vifo kwa ambao hawakuchanja kabisa kilikuwa zaidi ya mara 20 ya wale waliopata dozi mbili. Mji mmoja, kirusi kimoja, hospitali zile zile. Mama wa swali, hapo ndipo faida ilipo. Waliochanja baadhi walikufa, ni kweli, hasa wazee sana na wenye maradhi mengine. Lakini wasiochanja walikufa kwa wingi usiolinganishika.

Kwa nini hawakuchanjwa?

Hili ndilo linalonigusa kama nesi, maana sababu zao nazisikia hapa kwetu kila siku.

Kwanza, ugonjwa ulikuwa hauonekani. Mtu anasema, korona yenyewe haipo, sindano ya nini? Ndivyo mnavyosema kuhusu surua. Hujawahi kumwona mtoto wa surua mtaani, unaona chanjo ni usumbufu. Huwaoni kwa sababu watoto wengine walichanjwa.

Pili, mwanzoni kabisa zilisambaa habari za wazee waliofariki siku chache baada ya kuchanjwa. Wazee hufariki kila siku, kwa presha, kwa moyo. Lakini habari ikishatoka kwamba "alichanjwa Jumatatu, akafa Alhamisi," nani atampeleka mama yake Ijumaa?

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu: familia na hata baadhi ya madaktari waliwaambia wazee wenye maradhi ya kudumu wasubiri kwanza. Waliogopa chanjo itawadhuru. Kwa huruma kabisa, walimzuia yule yule aliyeihitaji kuliko wote.

Hata aliyefanya vizuri aliacha watu nyuma

Msidhani naisifia New Zealand tu. Wao walipanga kuchanja kwa umri: wazee kwanza, kisha wanaofuata, mpaka vijana. Inasikika kuwa ni haki. Lakini Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, wengi wao ni vijana, na wanapata maradhi makubwa mapema kuliko Wazungu. Kwa hiyo wakawekwa nyuma ya foleni, na walipofikiwa walikuwa wamechelewa. Desemba 2021 Waitangi Tribunal, chombo kinachosikiliza madai ya Wamaori dhidi ya serikali, kilisema wazi kwamba serikali ilikosea katika mpango huo.

Kilichosaidia ni Wamaori wenyewe. Vituo vyao vya afya vilipeleka chanjo kwa magari mpaka mitaani na kwenye nyumba zao za mikutano, na aliyekuwa anakuelezea ni mtu wa kwenu, anayeongea lugha yako.

Ulaya nako hivyo hivyo

Pengine unasema, Hong Kong ni mbali. Sawa, angalia Ureno na Bulgaria. Zote zimo kwenye Umoja wa Ulaya, zote zilipata chanjo kupitia mpango mmoja wa ununuzi, na zote zina wazee wengi.

Januari 2021 Ureno ilikuwa na hali mbaya sana, hospitali zimefurika, magari ya wagonjwa yanapanga foleni nje. Februari wakamkabidhi kazi ya chanjo mwanajeshi wa majini, Henrique Gouveia e Melo, akafanya kazi ile amevaa magwanda. Kufikia Oktoba, watu kama 85 katika kila 100 walikuwa wamekamilisha chanjo. Bulgaria, hadi mwisho wa mwaka huo, hawakufika 30 katika kila 100. Chanjo zilikuwepo, imani ndiyo ilikosekana. Wimbi la majira ya baridi lilipokuja, Bulgaria ikawa miongoni mwa nchi zenye vifo vingi zaidi Ulaya nzima. Ureno walipita na vifo vichache kuliko Januari ile.

Ila mjue, Ureno ilianza na mtaji. Watu wake kwa miaka mingi wamezoea kuchanja watoto na wanaamini vituo vyao vya afya. Imani hiyo haikujengwa kwa amri ya mwanajeshi, ilikuwepo kabla ya korona.

Na sisi Tanzania?

Najua mnangoja hapa. Sitawalinganisha na Ureno, kwa sababu mbili.

Moja, nchi yetu ni ya watoto na vijana, na korona iliwaua zaidi wazee. Ukilinganisha nchi yenye wazee wengi na nchi yenye watoto wengi bila kuangalia umri, utadanganyika.

Mbili, hatukuhesabu. Takwimu zetu zilisimama Mei 2020, tukiwa na wagonjwa 509 na vifo 21, na tukakaa zaidi ya mwaka bila kutoa nyingine. Usichokihesabu huwezi kukilinganisha. Kwa hiyo anayekuambia "sisi hatukufa" na anayekuambia "tulikufa sana," wote muulize wamehesabu wapi.

Tunachojua ni kuhusu kampeni yenyewe. Julai 2021 zilifika dozi zaidi ya milioni moja, Rais Samia akachanjwa hadharani tarehe 28. Mwanzoni watu walisuasua. Chanjo zilikuwa kwenye vituo vichache, na sisi wahudumu tulikaa tukingoja watu waje. Kasi iliongezeka tulipotoka: sokoni, stendi, makanisani, misikitini, nyumba kwa nyumba. Kufikia 2023 zaidi ya nusu ya Watanzania walikuwa wamechanjwa. Ila mawimbi makubwa yalishapita. Sindano inayokuja baada ya wimbi haiwarudishi waliokwenda nalo.

Kosa langu

Mwaka ule wa 2021 alikuja bibi mmoja kituoni. Alikuwa na sukari na presha, ameletwa na mjukuu wake, wamepanda daladala mbili. Akaniambia anataka ile chanjo, lakini anaogopa kwa sababu ya sukari yake.

Mwongozo ulikuwa wazi: wazee na wenye maradhi kama yake walikuwa wa kwanza kwenye orodha. Lakini nami nilikuwa nimeshasikia maneno ya mitandaoni, nikaogopa lawama. Nikamwambia, "Bibi, subiri kwanza, rudi siku daktari yupo." Akasema, "Haya mwanangu." Akaondoka. Hakurudi tena wakati wangu.

Niliposoma habari za Hong Kong nilimkumbuka yeye. Kumbe "subiri kwanza" ni neno linaloua kwa upole. Nami nililisema.

Sasa wewe mama, nyumbani kwako

Maoni yangu ni haya: kampeni ya chanjo isipimwe kwa wangapi wamechanjwa, ipimwe kwa nani amebaki. Na anayemjua aliyebaki kabla ya serikali ni wewe.

Toa kadi ya mtoto leo usiku, uiangalie. Chanjo ya surua na rubela ni mara mbili: miezi 9 na miezi 18. Wengi wenu mnakuja ya kwanza, ya pili mnasahau kwa kuwa mtoto ameshatembea na ana afya. Surua huenea haraka kiasi kwamba inatakiwa watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa ndipo izuilike. Ukichelewa, njoo hivyo hivyo. Ukikuta mhudumu anakugombeza kwa kuchelewa, vumilia, mtoto achanjwe kwanza, halafu nenda kamwambie mganga mfawidhi. Kuna mama aligombezwa mara moja akakata mguu kabisa, na aliyeumia ni mtoto.

Dada wa kazi naye ana mtoto kijijini? Muulize. Jirani mpya aliyehamia juzi, kadi ya mwanawe ilipotea? Mwambie aje, tutamwandikia nyingine.

Na bibi wa nyumbani, mwenye sukari, anayeambiwa kila mara asubiri: siku ukimpeleka kituoni akaambiwa arudi siku nyingine, uliza kwa heshima, "Arudi kwa sababu gani, na lini?" Usiondoke bila jibu.

Wenzangu wauguzi mnaosoma, nanyi hilo ni lenu.

Sehemu ya 8 nitaongelea chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa mabinti wetu wa miaka 9 hadi 14. Usiku mwema, mama zangu. Kadi hiyo, usilale bila kuiangalia.