Ruta ya Pili: Kupanua Nyumba au Kujenga Nyingine?

Ipo dhana iliyoenea miongoni mwetu kwamba ruta ya pili ni kama balbu ya pili: chumba kikiwa na giza waongeza taa, na mambo yamekwisha. Kwa dhana hiyo, mwenye nyumba ambaye intaneti haifiki chumba chake cha nyuma hununua ruta nyingine dukani, huvuta waya kutoka kwenye ruta ya lango, yaani ile iliyofungwa na kampuni ya intaneti, na kuuchomeka katika lile tundu la ruta mpya lililotengwa peke yake na kuandikwa WAN. Simu ikianza kupata intaneti papo hapo, yeye huondoka akiamini kwamba ameupanua mtandao wake. Hakuupanua. Amejenga mtandao wa pili ndani ya ule wa kwanza, wenye ukuta wake na bawabu wake, wala hakuna aliyemwuliza kama ndivyo alivyotaka. Rai yangu ni kwamba tofauti ya mambo hayo mawili yapasa ifundishwe shuleni, wala isiachiwe mafundi peke yao.

Kwamba mawimbi hayafiki chumba cha nyuma si jambo la kustaajabisha. Ruta hurusha mawimbi ya redio kwa masafa ya gigahezi 2.4 au 5. Mwanafunzi akigawanya kasi ya mwanga kwa masafa hayo atapata urefu wa wimbi wa sentimita 12.5 katika hali ya kwanza na 6 katika ya pili, na mawimbi mafupi kiasi hicho hufifia upesi yakutanapo na kuta za matofali ya saruji na nondo. Kwa hiyo kuweka kirushio cha pili karibu na chumba hicho, kilichounganishwa kwa waya wa shaba usiozidi mita 100, ni dawa sahihi kabisa. Tatizo liko katika anwani.

Walimu wenzangu wanaijua vema kazi ya sanduku la posta. Shule nzima ina S.L.P. moja. Barua itokapo, karani huipa kumbukumbu namba na kuandika katika daftari lake kwamba namba hiyo ni ya mwalimu fulani, jibu lirudipo limetaja «Yako Kumb. Na.», karani hufungua daftari na kumpelekea mwenyewe. Ruta ya lango hufanya kazi hiyo hiyo. Nyumba hupewa anwani moja ya hadharani, na vyombo vya ndani hutumia anwani za ndani ambazo waraka wa kanuni wa mwaka 1996 ulizitenga: zile zianzazo na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168. Ruta huzibadili anwani hizo kila pakiti itokapo, huandika namba katika daftari lake, na hulisoma tena jibu lirudipo. Barua isiyotaja kumbukumbu yoyote haina wa kuipokea, nayo hutupwa.

Ruta ya pili iliyochomekwa katika tundu la WAN ni karani wa pili, aliyeketi bwenini na daftari lake mwenyewe. Barua za kutoka hupita kwake kisha kwa karani wa ofisi, na majibu hurudi vivyo hivyo. Ndiyo maana intaneti yapatikana na mwenye nyumba haoni kasoro. Kasoro huonekana pale printa iliyo upande wa ruta ya kwanza isipotokea katika orodha ya simu iliyo upande wa pili. Mbaya zaidi ni pale viwanda viwili vinapozipa ruta zao anwani moja, aghalabu 192.168.1.1. Ruta ya pili basi huuona mtandao ule ule mbele yake na nyuma yake, isijue pakiti ielekee wapi.

Atakaye kupanua nyumba na afanye hivi. Aunganishe kompyuta na ruta ya pili peke yake, afungue ukurasa wa mipangilio, na kuipa anwani iliyo katika mtandao wa ruta ya lango lakini isiyotumiwa na chombo kingine wala kuwamo katika fungu ambalo lango hugawa, mathalani 192.168.1.2, ikiwa lango ni 192.168.1.1 na hugawa kuanzia 192.168.1.100. Kisha azime kazi ya kugawa anwani, ile iliyoandikwa DHCP. Hili lisisahauliwe, kwa maana wagawaji wawili katika mtandao mmoja huleta ugonjwa unaowachosha mafundi wengi: simu hii inapata intaneti, ile haipati, na kesho mambo yamegeuka. Mwisho achomeke waya kutoka tundu la LAN la ruta ya kwanza hadi tundu la LAN la ruta ya pili, na tundu la WAN libaki tupu. Waya uwe mmoja tu. Wa pili kati ya ruta hizo waweza kuzifanya pakiti zizunguke bila kikomo hadi mtandao usimame. Ruta nyingi za siku hizi zina mpangilio mmoja unaofanya karibu yote hayo, lakini ausomaye bila kujua maana yake atauruka.

Je, karani wa pili hafai kamwe? La hasha. Wako wanaomhitaji, na shule ni mfano mkubwa. Mkuu wa shule ana kila haki ya kutaka kompyuta yenye alama za mitihani itengwe na simu za wanafunzi. Hapa ndipo wengi hufanya kinyume: ofisi huachwa kwenye ruta ya lango, na wanafunzi huwekwa nyuma ya ruta ya pili, kwa kudhani kwamba ukuta umewafungia. Ukuta huo huzuia waingiao, hauzuii watokao. Pakiti ya mwanafunzi itokapo kwa ruta ya pili haina njia nyingine ila kupita katika mtandao wa ofisi, na pakiti iliyoandikiwa kompyuta ya ofisi itafika bila kuulizwa. Kwa ruta mbili zilizofungwa namna hii, ofisi ndiyo iwekwe nyuma ya ruta ya pili, na wanafunzi wabaki nje. Hata hivyo nywila nzuri bado yahitajika, kwa kuwa barua za ofisi nazo sasa zapita uani kwa wanafunzi.

Huyu karani mwenyewe alizaliwa na uhaba. Anwani za mfumo wa zamani zina tarakimu 32 za kizio cha pili, kwa hiyo hazizidi 4,294,967,296, na fungu kuu la ulimwengu lilikwisha Februari 2011. Mgao wake haukuwa wa haki. Chuo cha MIT cha Marekani peke yake kilishika anwani zaidi ya milioni 16 hadi mwaka 2017, kilipoanza kuziuza. Ilhali AFRINIC, chombo kigawacho anwani barani Afrika, kiliingia Januari 2020 katika awamu ambayo mwombaji hapewi zaidi ya 1,024 kwa mara moja. Katika maabara niliyosomea ng'ambo kila kompyuta ilikuwa na anwani yake ya hadharani, na mwanafunzi aliyetaka kuonyesha kazi yake aliiweka mezani pake, dunia ikaifuata hapo. Kwetu kampuni za simu huwaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja. Shule inayotumia ruta ya laini ya simu basi yaweza kuwa na karani wa kampuni, karani wa lango, na wa tatu iliyemwajiri yenyewe bila kujua. Itasoma maktaba za wengine vizuri tu. Yake haitasomwa na mtu wa nje, isipokuwa ikodi mahali kwa mwingine. Mfumo mpya wa tarakimu 128 waondoa uhaba huo, nasi hatuna budi kuzidai anwani hizo kwa kampuni zetu.

Mwalimu wa hisabati anayefundisha vizio vya hesabu ana jaribio la bure. Darasa lifungue ukurasa wa mipangilio wa ruta ya lango na kusoma anwani iliyo upande wa nje. Ikiwa imo katika mafungu ya ndani niliyoyataja, au kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni, basi karani mwingine yuko mbele. Kisha waiandike anwani hiyo kwa kizio cha pili, na kuonyesha kwa nini fungu la mwisho linakomea 127.