Masikio Nayo Yana Saumu Yake

Mwezi wa Ramadhani mtu hana nafasi. Mchana ni kazi na saumu, alasiri ni sokoni kutafuta tende, usiku ni tarawehe. Kitabu hakifunguliki, lakini masikio yapo. Basi ndugu msomaji, nakueleza niliyoyasikiliza kwa simu, katika vipindi viitwavyo podikasti, jina lililotungwa mwaka 2004.

Kwanza ni darsa za tafsiri, nyingine zikiwa zimetolewa katika kaseti za zamani. Pili ni habari za BBC Swahili, idhaa iliyoanza mwaka 1957. Tatu, na hizi naziweka hadi Idi, ni nyimbo za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri.

Lakini lipo la kupima. Chuoni tulikosoma, mwalimu akijulikana, na mwalimu wa mwalimu wake akijulikana pia. Ndiyo sanadi. Katika simu, mwenye sauti nzuri hupata wasikizi kabla hajaulizwa kasoma wapi. Kijana humsikiliza peke yake, wala hawezi kumkatiza akauliza. Akikosea msemaji, kosa husafiri pamoja na sauti yake.

Dawa si kuzima simu. Wenye elimu wa Mvita, Lamu na Malindi nawaingie humo kwa Kiswahili chetu, wakitaja walikosoma. Nasi wasikizi, tukisha kusikiliza, tupeleke maswali msikitini, kwa mwalimu tunayemjua.