Subaru za Mfaranyaki zinajua kuondoka, kusimama je?

MVUA ikishakolea Songea, mabishano ya vijiwe vya Mfaranyaki huwa na mada mbili. Ya kwanza ni Simba na Yanga, hiyo haina msimu. Ya pili huanza pale Subaru yenye ekzosi ya kelele inapopita ikirusha tope, na watu wote wanageuza shingo. Gari gani linapanda kilima chenye utelezi bila kusukumwa? Nani ana tabo kali zaidi? Nani ametoka Njombe kwa muda gani?

Jibu la vijana wengi ni moja. Ukiwa na mashine inayovuta kwa magurudumu manne, tena imeongezwa nguvu, tope si tatizo lako. Ni tatizo la wenye IST.

Hapo ndipo penye kosa, na anayeweza kulilipia mara nyingi hayumo kabisa kwenye mabishano. Ni mama anayetoka sokoni na kikapu chake, mwanafunzi anayevuka barabara, au bodaboda aliyepakia abiria wawili.

Kuvuta si kushika

Tuanze na ukweli ambao wenye Subaru wanastahili kupewa. Mfumo wa magurudumu manne unafanya kazi. Nguvu ya injini inagawanywa kwa magurudumu yote, hivyo hakuna gurudumu moja linalobebeshwa mzigo mkubwa hadi likazunguka bure. Kwenye kilima cha udongo mwekundu uliolowa, gari la magurudumu mawili linachimba shimo mahali lilipo wakati Subaru inaondoka taratibu kama haioni kitu.

Lakini hiyo ni hadithi ya kuondoka. Hadithi ya kusimama ni nyingine, kwa sababu kila gari barabarani, kuanzia IST mpaka lori la mahindi, linafunga breki kwa magurudumu yote. Kwenye breki Subaru haina mchezaji wa ziada. Wote wako kumi na moja kwa kumi na moja.

Chukua kipimo ambacho kila shabiki anakijua, uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105. Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, gari lenye tairi nzuri likiwa kwenye kasi ya kilomita 80 kwa saa juu ya lami kavu husimama ndani ya mita zipatazo 35 tangu breki ishike. Hiyo ni theluthi moja ya uwanja. Sasa weka tope laini, ambapo tairi linashika robo tu ya linavyoshika lami. Umbali unazidishwa mara nne na kuvuka mita 130. Yaani dereva anayeanza kufunga breki kwenye goli lake anapita goli la wapinzani na kuingia jukwaani.

Na hapo bado hajahesabiwa muda wa kushtuka. Kwenye kasi ya 80, sekunde moja ya kuhamisha mguu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki inakula mita 22 nyingine.

Kasi ikishuka hadi 40, hesabu inageuka kabisa. Hata kwenye tope hilohilo, pamoja na sekunde ya kushtuka, gari linasimama kabla ya kufika katikati ya uwanja. Kasi imepungua nusu, lakini umbali wa breki umepungua mara nne. Kwa hiyo sheria ya mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu haikuwekwa kuwakomoa wenye tabo. Na siku ya mvua, kwenye mitaa ya ndani, hata hiyo 50 ni kubwa.

Somo kutoka kwenye theluji

Anayedhani hii ni hofu ya watu wasioijua michezo ya magari amtazame McRae Kimathi, dereva wa Kenya aliyepewa jina la bingwa wa Scotland, Colin McRae. Februari 2022 Kimathi alikwenda Umeå, kaskazini mwa Sweden, kushindana katika mbio za dunia za vijana. Mtoto wa Afrika Mashariki, aliyekulia kwenye vumbi na tope, akawekwa juu ya theluji na barafu.

Gari lake lilikuwa Ford Fiesta Rally3. Linavuta magurudumu manne, lina tabo, na injini yake ya lita 1.5 inatoa nguvu za farasi zipatazo 215. Kwa viwango vya vijiweni hizo si namba za kutisha. Wapo wanaojigamba kuwa na zaidi ya hizo hapahapa Songea.

Tofauti ilikuwa chini ya gari. Tairi za mbio za Sweden ni nyembamba, ili zikate theluji na kufika kwenye sehemu ngumu iliyo chini yake, na kila tairi lina misumari ya chuma zaidi ya 300 inayouma barafu. Madereva bora wa dunia, wenye magari bora ya dunia, hawaendi kule wakitegemea magurudumu manne peke yake. Kitu cha kwanza kinachozungumzwa kila asubuhi ni tairi.

Theluji na tope la Ruvuma si kitu kimoja, lakini tabia zake kwa dereva zinafanana sana. Vyote vinakudanganya kwamba gari limetulia mpaka pale unapotaka kukata kona au kusimama. Tena Sweden wana nafuu moja. Pembeni ya njia huwa na kuta za theluji, na dereva mjanja huweza kuegemeza gari hapo likarudi njiani. Mfaranyaki pembeni kuna mtaro, na ng'ambo ya mtaro kuna banda la chipsi lenye wateja.

Gari moja, madereva wawili

Jina la Subaru halikuja hivihivi katika ukanda huu. Lilijengwa kwenye Safari Rally ya Kenya. Colin McRae alishinda mbio hizo mwaka 1997 akiwa na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda na Impreza pia. Kizazi kizima cha Afrika Mashariki kikaipenda ile rangi ya bluu yenye nyota za njano.

Lakini Safari yenye somo kubwa kwa vijana wa Mfaranyaki ni ya mwaka 1993. Mwaka huo Subaru walipeleka Vivio, kigari kidogo cha injini ya sentimita za ujazo 660, sawa na pikipiki kubwa, ila kikiwa na magurudumu manne yanayovuta. McRae alipewa moja. Patrick Njiru wa Kenya akapewa nyingine.

McRae alikimbiza kile kigari hadi watu wakashangaa, lakini hakikumaliza mbio. Njiru alimaliza, akashika nafasi ya 12 kwenye mbio ambazo Toyota walichukua nafasi zote nne za juu. Gari lilikuwa lilelile na barabara ileile. Mmoja alikuwa na kasi, mwingine alijua ardhi ya nyumbani inataka nini na lini. Vijiwe vya leo vinamkumbuka McRae na kumsahau Njiru, na pengine hilo peke yake linaeleza tatizo lilipo.

Na hata wale walioshinda hawakuwa peke yao. Enzi hizo timu kubwa za Safari zilikuwa na helikopta juu, ikimwonya dereva kama kuna ng'ombe au gari mbele. Zilikuwa na mafundi wakisubiri njiani, na magari yaliinuliwa juu kuyaepusha na mawe. Kijana anayetoka kuosha gari akaenda kulijaribu kwenye utelezi wa mtaani hana hata kimoja kati ya hivyo.

Usajili wa washambuliaji watupu

Ukiangalia pesa inakokwenda kwenye magari mengi yaliyoongezewa nguvu, unaiona timu iliyosajili washambuliaji watano bila kipa. Inaanza ekzosi, ili mtaa ujue. Inafuata tabo au kuchezea kompyuta ya injini. Kisha springi zinakatwa gari likae chini, linawekwa rimu kubwa na tairi pana. Breki zinasubiri. Kashata za tairi zinaangaliwa trafiki akisimamisha.

Karibu kila hatua hapo inaliumiza gari siku ya mvua. Gari lililoshushwa linakokota tumbo kwenye tope, na tumbo likishalala chini magurudumu hayana uzito wa kuyakandamiza, hata yawe manne. Tairi pana huelea juu ya tope laini badala ya kulikata. Nguvu ya tabo iliyoongezwa huchelewa kisha ikaja kwa mkupuo, na mkupuo huo ukikukuta katikati ya kona yenye utelezi, gari linaserereka kabla hujafanya lolote.

Kuna kosa jingine linalofanyika kimyakimya, la kununua tairi mojamoja. Mfumo wa magurudumu manne unataka tairi zote ziwe na ukubwa mmoja na zimelika kwa kiwango kinachokaribiana. Ukichanganya jipya na kipara, magurudumu yanazunguka kwa mwendo tofauti muda wote, na difu ya kati inafanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka. Inachemka, na mwishowe inakufa. Hapo mwenye gari anabaki na Subaru ya jina.

Safari za mpira zinaongeza hatari

Kwa mashabiki wa Songea jambo hili lina uzito wake. Tangu Majimaji iliposhuka daraja mwaka 2018, anayetaka kuona Ligi Kuu kwa macho yake mara nyingi anafunga safari. Wapo wanaokwenda mpaka Sokoine, Mbeya, kwa misafara ya magari binafsi yenye bendera madirishani.

Njia ya kutoka Songea kwenda Njombe pekee ni zaidi ya kilomita 200, ina milima kama Lukumburu, na msimu wa mvua huwa na ukungu unaoficha kona. Lami iliyolowa si tope, lakini nayo haisamehi tairi lililoisha kashata. Ongeza furaha ya ushindi au hasira ya sare ya dakika za majeruhi, ongeza giza la kurudi usiku, ongeza wenzako wanaotaka kujua nani atafika wa kwanza. Gari lenye watu watano waliolala linaongozwa na mtu mmoja anayeamini haliwezi kuteleza. Imani hiyo ni hatari kuliko tope lenyewe. Dereva wa IST angalau anaogopa.

Kinachoweza kufanyika

Kuwafukuza vijana hawa barabarani si jibu. Wanapenda mashine, wanazijua, na mafundi wa Songea wanaowahudumia wanapata riziki yao hapo. Iringa wana mbio zao za Mkwawa, ambazo zimewapa wapenda magari mahali pa kuonyesha uwezo kwenye njia iliyofungwa, wakiwa na helmeti na waamuzi. Ruvuma ina ardhi, ina mvua na ina vipaji. Chama cha Magari Tanzania, AAT, na maofisa michezo wa mkoa wangeweza kuanza na kitu kidogo tu, kama siku moja ya mafunzo kwenye eneo la wazi lililolowa, ambapo kila dereva afunge breki akiwa 40, kisha 60, apime kwa hatua zake mwenyewe mahali gari liliposimama. Baada ya hapo ubishi wa kijiweni utakuwa na takwimu.

Wakati hayo yakisubiriwa, anayepanga kutumia pesa kwenye gari lake kabla mvua hazijakatika ana orodha fupi. Tairi nne zinazofanana na zenye kashata, kisha breki, kisha shokapu. Tabo ikae benchi kwanza.

Kenya nao wameirudisha Safari kwenye miezi ya mvua. Mwaka 2024 na 2025 ilichezwa Machi, na mara zote mbili Toyota wakaondoka na ushindi, kwanza kupitia Kalle Rovanperä, kisha Elfyn Evans. Vijiwe vya Mfaranyaki vitaendelea kuzitazama mbio hizo kwenye simu na kubishana nani ana nguvu. Wakitazama tena, waache kidogo gari linapoondoka. Waangalie mguu wa dereva anapokaribia kona yenye tope, na ni mapema kiasi gani anaachia mafuta.