AFYA YETU: Jezi ya Timu Isiwe Mlango wa Upele

Kiangazi kikianza hapa Mpanda, viwanja vya vyuo na shule hujaa vijana. Nasi tunafurahi, kwani michezo hujenga mwili. Lakini wengi hurudi nyumbani na choa, fangasi za miguu, majipu au upele.

Magonjwa haya hayaletwi na kurogwa, wala si alama ya ufukara. Upele huletwa na kidudu kidogo sana kinachochimba ngozini. Hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na pengine kwa nguo na matandiko. Aliyeupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku akiwaambukiza wenzake. Fangasi hupenda jasho na unyevu. Majipu huletwa na bakteria wanaoingia penye mchubuko, na viwanja vya changarawe havikosi michubuko. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Hata kwetu haupewi.

Timu nyingi zina seti moja tu ya jezi. Kikosi cha kwanza kinavua, cha pili kinavaa, jasho halijakauka. Taulo moja hufuta watu watano. Tunaambiwa maji ni ya shida wakati wa kiangazi. Ni kweli, lakini ndoo moja na kipande cha sabuni vinatosha kuoga baada ya mechi, na jua la Katavi halitozwi ada.

Maoni yetu ni haya: kabla ya kununua kombe, viongozi wa michezo wanunue sabuni. Jezi zifuliwe na kuanikwa juani kabla hazijavaliwa na mwingine. Kila mchezaji awe na soksi na taulo lake. Mchubuko uoshwe kwa maji safi na sabuni, kisha ufunikwe. Mwenye upele au jipu linalotoa usaha apumzishwe hadi atibiwe, bila kuchekwa. Akichekwa ataficha, na timu nzima itajikuna.

Nanyi wazazi, kijana akirudi likizo akijikuna usiku, mpelekeni zahanati. Ukithibitika kuwa ni upele, wote wanaoishi nyumba hiyo watibiwe siku moja, hata wasiowashwa, na nguo na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto. Msibahatishe dawa za kupaka za dukani: zenye steroidi hutuliza muwasho siku chache, huku fangasi wakizidi kuenea. Mwenye vidonda vya ngozi akivimba uso au akikojoa mkojo wa rangi ya chai kavu, awahishwe hospitali, kwani figo zake huenda zimedhurika.

Timu za vijana wa parokia zianze. Mwili ni zawadi ya Mungu. Tuutunze, na tusimwambukize jirani.