Vijana wetu na vyuma: tupashe mwili kwanza



Ndugu wasomaji, wazazi wetu watukufu na vijana wetu wa hapa Kinindo na mitaa mingine ya Bujumbura, leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni kupasha mwili kabla ya kunyanyua vyuma vizito. Huenda mtu akauliza: walimu wa madrasa na vyuma, wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba vijana wanaokaa mbele yetu na misahafu ndio hao hao tunaowaona baadaye wakiingia jimu, au wakikusanyika uani kwenye vyuma vya kujitengenezea, bomba moja na makopo mawili yaliyojazwa saruji. Na wakiumia, huwa tunawajua mapema, maana huonekana katika safu za swala.

Ieleweke kwamba hatuna ugomvi na vyuma. Dini yetu imemsifu muumini mwenye nguvu, na kijana anayetumia jioni yake kujenga misuli ni bora mara nyingi kuliko anayeipoteza kijiweni. Tunachokigombeza ni haraka.

Haraka hiyo ina sababu zake. Hapa kwetu jua huzama karibu na saa 12 jioni mwaka mzima. Kijana akitoka shuleni, akaswali Alasiri na kupita madrasa, anabakiwa na dakika 40 au 50 kabla ya Magharibi. Hapo anatafuta cha kupunguza, na cha kwanza kukatwa ni kupasha mwili, kwa kuwa dakika tano za kuruka kamba hazionekani kwenye kioo. Basi anainuka mkekani na kwenda moja kwa moja kwenye kilo 60 au 80.

Ukimuuliza, atakujibu kwa mzaha: "Mwalimu, Bujumbura yenyewe ni jiko, mwili umeshapashwa na jua!" Jibu hili linachekesha, lakini si sahihi. Jasho la kukaa juani ni la ngozi kujipoza. Kupasha mwili ni jambo jingine: misuli ifanye kazi nyepesi mpaka yenyewe ipate joto, moyo uongeze mapigo kidogo kidogo, damu nyingi iende kwenye misuli itakayofanya kazi, na viungo vya goti, bega na nyonga vilainike kwa kusogezwa. Zaidi ya hayo, mishipa ya fahamu inakumbushwa njia ya kile kitendo, ili uzito mkubwa ukija mwili usishtuke. Jua haliwezi kukufanyia hata moja katika hayo ya mwisho.

La kushangaza ni kwamba mji wetu unaijua desturi hii vizuri sana. Nani asiyeyajua makundi ya wakimbiaji wa asubuhi mwishoni mwa wiki, wanaokimbia huku wakiimba na kupiga makofi? Ni desturi yenye mizizi, kiasi kwamba mwaka 2014 wakuu walipotaka michezo ya makundi jijini ifanyike tu katika viwanja walivyovitaja, habari ilivuma mpaka nje ya nchi. Sasa watazameni wazee waliomo katika makundi hayo. Huanza kwa kutembea, kisha mwendo wa polepole, ndipo mbio. Mzee wa miaka 60 anajipasha kwa ajili ya kukimbia tu, na kijana wa miaka 17 hajipashi kwa ajili ya kubeba mzigo unaozidi uzito wake mwenyewe!

Na kwa yule ambaye lengo lake ni misuli ikue, tunamwambia: kupasha mwili hakukuchelewesheni, kunakusaidieni. Misuli hukua kwa kufanyishwa kazi ngumu, kwa mtindo sahihi, wiki baada ya wiki. Mwaka 2010 watafiti waliokusanya matokeo ya tafiti 32 walikuta kwamba kupasha mwili kuliboresha utendaji katika asilimia 79 ya vipimo vilivyoangaliwa. Hatusemi kwamba ni kinga ya kila jeraha. Anayebeba kilichomzidi, au anayepinda mgongo vibaya, ataumia hata akijipasha saa nzima. Lakini aliyejipasha hunyanyua vizuri zaidi, na huligundua mapema bega linalouma, akiwa bado na kilo 20 mkononi wala si 80.

Basi afanyeje? Utaratibu wenyewe ni mwepesi, na haufiki robo saa:

1. Dakika 5 za kazi nyepesi ya mwili mzima: kutembea haraka, kukimbia taratibu au kuruka kamba, mpaka pumzi iongezeke kidogo lakini bado aweze kuzungumza.

2. Dakika 3 au 4 za kuzungusha na kusogeza viungo atakavyovitumia: mikono, mabega, nyonga, magoti, kuchuchumaa bila uzito mara 10, na mengineyo ya aina hiyo.

3. Kupanda ngazi ya uzito. Tuseme leo anataka kuchuchumaa na kilo 80 mabegani. Aanze na chuma kitupu, kile kirefu ambacho kwa kawaida kina kilo 20, mara 10. Kisha kilo 40 mara 5, kilo 60 mara 3, kilo 70 mara 1. Ndipo aziendee 80. Asijichoshe katika ngazi hizi, kwani lengo ni kujiandaa.

Ngazi hizo ni za zoezi la kwanza zito. Mazoezi yanayofuata ya misuli ile ile yanahitaji seti moja tu nyepesi. Ama kule kujinyoosha na kutulia kwa muda mrefu, dakika nzima au zaidi kwa msuli mmoja, kuachwe mpaka mwisho, kwa sababu kukifanywa kabla hupunguza nguvu kwa muda. Na anayehisi maumivu makali, kizunguzungu au kubanwa kifua, aache hapo hapo na aonwe na daktari.

Na muda ukiwa mfupi? Apunguze zoezi la mwisho, lile la kupendeza mikono, asipunguze la mwanzo.

Wanafunzi wetu wanaikumbuka habari aliyoipokea Ibn Umar (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya Mtume (S.A.W.) kushindanisha farasi. Waliotayarishwa kwa mbio walikimbizwa kutoka Al-Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa, masafa yaliyotajwa kuwa maili 5 au 6. Wasiotayarishwa walikimbizwa kutoka hapo mpaka msikiti wa Bani Zurayq, kama maili 1 tu. Matayarisho yale yalikuwa ya siku nyingi, si ya dakika kumi, lakini somo limo: kila mmoja alipewa masafa kwa kadiri ya alivyoandaliwa. Ikiwa mnyama amehurumiwa hivyo, vipi mwanadamu asiuhurumie mgongo wake?

Tunaye mwanafunzi mmoja, kijana wa miaka 18, aliyenyanyua chuma kutoka chini akiwa baridi, kwa kushindana na wenzake. Kwa wiki tatu aliswali juu ya kiti, hawezi rukuu wala sijda. Lililotuuma zaidi ni kwamba baada ya masomo ndiye anayebeba mizigo sokoni ili wadogo zake wapate karo. Wiki tatu zile nyumba nzima iliumia pamoja naye. Mgongo wa kijana mara nyingi si wake peke yake.

Wazazi, msiwakataze wanenu vyuma kwa kuogopa, maana mtakachokataza mchana watakifanya kwa kificho, bila msimamizi. Wala si kweli kwamba vyuma hudumaza urefu wa kijana anayefundishwa na kusimamiwa vizuri. Badala yake waulizeni swali moja kila jioni: "Leo umeanza na kilo ngapi?" Akikutajia uzito mkubwa tangu mwanzo, hapo pana la kuzungumza. Nanyi vijana, mwenye nguvu zaidi katika kundi ndiye aanze na chuma kitupu mbele ya wenzake, ili mdogo asione haya kumfuata.

Tunamuomba Allah (S.W.) aihifadhi miili yetu na ya watoto wetu, na aijaalie nguvu yao iwe ya kheri kwao na kwa familia zao. Aamin.

Wabillahi tawfiq.